Kiwambo cha Shemeji

Mbwa wangu Halla alikuwa kiziwi kabla hajafikisha miaka mitano. Ndugu yake Tuisku, aliyezaliwa naye tumbo moja, akalelewa na shemeji yangu ng'ambo ya mto, alisikia mpaka asubuhi aliyokufa kwa uzee. Alisikia jibini likikatwa jikoni wakati yeye amelala barazani. Najua, kwa sababu nilikuwa nikimtazama akiinua sikio moja, na sikio lile nililionea wivu jinsi wanaume wengine wanavyoonea wivu nyumba ya mtu, au mke wa mtu.

Kati ya watoto wale wawili hapakuwa na tofauti. Mama yao alikuwa mbwa wa kijivu wa marehemu baba, na alipozaa kwa mara ya mwisho tuligawana kwa haki: mimi jike, Raimo dume. Chakula chao kilikuwa kimoja, na msitu wao mmoja. Waliwinda hirvi, mnyama wetu mrefu kuliko farasi, ambaye dume lake hubeba pembe pana kama masinia. Kazi ya mbwa ni kumtafuta, kumsimamisha na kumbwekea papo hapo mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa kiziwi anaweza kumpata hirvi kwa pua yake. Ila ukimwita arudi, umeita miti.

Kilichowatenganisha Halla na Tuisku ni kipande cha bomba jeusi, kirefu kama chupa ya bia, kilichokuwa kwenye mdomo wa bunduki ya Raimo na hakikuwa kwenye yangu.

Wivu katika mto wetu ulikuwa na mkondo wake, na zamani ulitiririka kutoka kwao kuja kwetu. Sisi tuko upande wa Uswidi, wao wako upande wa Ufini. Lugha ya nyumbani ni moja na makaburi yana majina yaleyale. Lakini vita vilipokwisha wao walibaki na majivu, sisi tulikuwa na kahawa. Bibi yangu alivusha siagi chini ya sketi. Babu alivusha farasi, kwato kazifunga magunia zisilie juu ya barafu. Hakuna ukoo, huku wala huko, usiokuwa na mvushaji wake, na hakuna aliyeona haya. Mvushaji hodari alisifiwa hata kanisani, ila kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo dada yangu Gerd alipoolewa ng'ambo na Raimo, fundi bomba mwenye meno makubwa na gari lililofungwa kwa waya, nilimwonea huruma. Kila vuli nilimpelekea shemeji vitu vyangu vya zamani. Matairi. Msumeno wa injini. Koti la kuwindia ambalo mfuko wake mmoja tu ndio uliokuwa umetoboka. Alivipokea vyote, akashukuru, akavitumia. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa.

Kisha, sijui ilikuwa mwaka gani hasa, mkondo ukageuka. Kiwanda cha mbao kwetu kikafungwa, nikabaki kuchomea vyuma kwenye banda langu, wakati huko kwao kila nyumba ilitaka mabomba mapya. Raimo akajenga sauna, nyumba ya kuogea mvuke, ya magogo mazima. Akanunua gari ambalo matairi yangu hayakulitosha. Hata saa yao iko mbele yetu kwa saa moja, na kila nilipovuka daraja alinipokea mlangoni kwa neno lilelile: "Karibu kesho, shemeji! Huko jana kuna habari gani?"

Nilicheka miaka yote. Ukikaa sana na kicheko cha namna hiyo, meno yanauma.

Siku niliyokiona kile kiwambo cha kupunguza mlio ilikuwa Jumamosi, mwanzo wa vuli, nyuma ya nyumba yao kwenye shimo la kokoto walikokuwa wakilenga shabaha. Raimo alikuwa amepiga goti, anakizungusha polepole kwenye mtutu kama mtu anayefunga mfuniko wa chupa ya dawa.

"Hicho nini?" nikamuuliza. "Umeweka chupa ya chai?"

"Adabu, shemeji. Naifundisha bunduki adabu."

Akapiga. Nilikuwa nimeziba masikio kwa viganja, na sikuhitaji. Waliotazama filamu hudhani kitu kile huifanya bunduki ikohoe kama paka. Uongo. Risasi yenyewe bado ilichana hewa kwa mlio mkali, na mlio ule ulirudi kutoka kwenye kilima cha mbele kana kwamba kuna mtu mwingine huko ndiye aliyepiga. Lakini kile kishindo cha mdomoni, kofi ambalo mimi na baba na babu tulipigwa usoni kila vuli, hakikuwapo. Ilikuwa kama ubao umeanguka kwenye sakafu ya ghala.

Tuisku alikuwa amelala kando yake. Aliinua kichwa, akatazama kama kuna nyama, akakilaza tena. Ndani ya gari langu Halla alikuwa amejibana chini ya kiti, anatetemeka. Alikuwa anangoja kishindo cha pili, kwa sababu kwangu mimi cha pili kilikuwa hakikosi.

"Umeona?" Raimo akasema. "Na teke la begani limepungua. Mbele panakuwa pazito kidogo. Ukipiga nyingi kinachemka, hewa inacheza machoni mwako. Ukifika nyumbani ukifungue ukikaushe, la sivyo kutu inakula mtutu. Basi, hayo ndiyo makosa yake yote. Hata Gerd ana mengi kuliko hayo."

"Nimesikia!" dada yangu akapiga kelele kutoka dirishani.

"Unaona? Bado tunasikiana."

Nikauliza bei. Akasema ni kama matairi manne ya msimu wa baridi. Alikuwa ameingia dukani, akaonyesha kibali chake cha bunduki, muuzaji akampima kwa macho, akalipa, akaongezewa na kofia ya bure. Ile kofia ilikuwa kichwani mwake.

Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kuomba. Kwetu wakati ule kiwambo kilihesabiwa pamoja na silaha zenyewe. Ulitakiwa kuandika, kungoja, na kueleza sababu maalumu. Afisa alinijibu kwa simu, kijana mwenye sauti ya mtu asiyewahi kutoa matumbo ya mnyama. Sababu yako haitoshi, akasema. Nikamwambia ninazo mbili, moja kila upande wa kichwa. Hakucheka. Alisema masikio yana vikinga vyake, vinauzwa.

Vikinga ninavyo. Jaribu kumvika mbwa.

Baba yangu alikufa kiziwi, na hakuna aliyeona ajabu. Kijijini kwetu mwindaji mwenye masikio mazima alidhaniwa kuwa mvivu. Mwishoni mama alikuwa akimwandikia mambo madogo kwa kidole juu ya kitambaa cha meza: kahawa, theluji, Gerd amepiga simu. Niliuona ule kuwa ndio mwisho wa kila mwanamume, kama mvi. Sikujua kwamba kuna watu wanazeeka huku wananong'onezana.

Jioni ile tulikaa saunani, mimi na Raimo, benchi la juu. Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukatuinamisha vichwa.

"Nina kingine," akasema. "Cha zamani, cha kwanza kununua. Kinaingia kwenye mtutu wako, nimepima ulipokuwa unakunywa kahawa. Kichukue."

"Kwetu ni kosa."

"Basi kiache hapa. Ukija kuwinda kwetu unakifunga, ukiondoka unakifungua. Au kivushe. Bibi yako alivusha siagi, wewe unashindwa na kibomba?"

"Sitaki kuvunja sheria."

Raimo alicheka mpaka maji ya kata yakamwagikia miguuni mwake. "Wewe, Birger? Wewe uliyevusha pikipiki ya theluji ukaiita jeneza la mjomba?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Haikuwa sheria. Lilikuwa lile neno, cha zamani. Katika mto huu mimi ndiye niliyekuwa nikimpa yeye vya zamani.

"Sitaki," nikasema, nikashuka benchini, nikatoka nje kupoa. Kupitia dirisha la jikoni niliona Gerd akizungumza na mbwa wao. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo tu, kama mtu anayehesabu vifundo vya sweta, na Tuisku anamwelewa.

Wiki iliyofuata nikanunua breki.

Breki ni pande la chuma lenye matundu ubavuni. Nalo hufungwa mdomoni mwa bunduki, na kwa mbali mtu asiyejua angedhani ni kile kile cha Raimo. Hukamata hewa ya moto inayoifuata risasi na kuitupa kando na nyuma, bunduki isirudi begani. Teke linakufa kabisa. Kishindo hakifi, kinahamishwa tu, kinapelekwa kwa aliye ubavuni. Kwetu breki haikuhitaji kibali wala sababu. Unainunua kama soksi. Kinachookoa masikio kiliombewa ruhusa, kinachoyaua kilitundikwa karibu na mlango, na sheria hiyo hawakuniita kuitunga.

"Usipige karibu na mtu," muuzaji akaniambia.

"Nawinda peke yangu. Mimi na mbwa."

Tukacheka wote wawili. Nakikumbuka kicheko kile vizuri, kwa kuwa ni miongoni mwa mambo ya mwisho niliyoyasikia kwa masikio mawili.

Katika msimu wetu wa Septemba sikupata hirvi, kwa hiyo breki ile ilipiga karatasi tu. Msimu wa Raimo ulipofunguliwa Oktoba nilivuka daraja na karatasi zangu zote halali na bunduki yenye chuma kipya mdomoni. Wanaume wa kikundi chao walikuwa uani wanakunywa kahawa. Raimo akaitazama bunduki yangu, akanitazama mimi.

"Shemeji, umeweka filimbi?"

"Yako inanong'ona, yangu inasema."

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Mbwa atakuwa wapi itakapokuwa inasema?" akauliza. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Desturi yetu ni kwamba hirvi akisimamishwa na mbwa, mwenye mbwa ndiye anayemnyemelea. Wengine wanakaa kwenye vituo vyao na kungoja. Asubuhi ile tuliwaachia mbwa wote wawili, mimi upande wa mashariki wa kinamasi, Raimo upande wa magharibi. Jua lilikuwa halijapanda juu ya misonobari Halla alipoanza kubweka. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya haraka, kama mtu anayepigilia misumari midogo. Moyo wangu ukajaa. Alikuwa wangu, na ndiye aliyempata.

Nikaenda. Nilikuwa nimesukuma kikinga cha kushoto nyuma ya sikio ili nisikie vizuri anakobweka. Kila mwindaji wa mbwa hufanya hivyo, husema nitakirudisha nikikaribia. Nilikuwa nimekaribia niliposikia sauti ya pili ikiingia, nzito, ya chini. Tuisku amefika. Sasa walikuwa wawili kwa hirvi mmoja, na hirvi wa mbwa wawili ana wanyemeleaji wawili.

Nikaacha kunyemelea, nikawa natembea. Karibu na ukingo wa kinamasi nikamwona: dume, mweusi kwa unyevu, majani yananing'inia kwenye pembe. Nikapiga goti. Alikuwa anawafukuza mbwa kwa kichwa. Akamshukia Halla, na Halla akafanya kama nilivyomfundisha tangu mdogo, akakimbia kurudi kwangu ili amlete hirvi nyuma yake. Alikuja akasimama ubavuni mwangu wa kushoto, karibu na mtutu, akamgeukia dume na kumbwekea. Manyoya yake yaligusa mkono wangu. Kichwa chake kilikuwa sawasawa na matundu yale.

Ningengoja. Mbwa hakai mahali pamoja. Pumzi mbili, tatu, angekuwa amerudi kwa hirvi. Lakini ng'ambo ya kinamasi tawi likavunjika, nikajua ni Raimo, na kwamba ana ile bunduki yake yenye adabu, ana sauna, ana kesho, na sasa anataka na huyu.

Nikapiga.

Dume likaanguka kwa magoti ya mbele, kisha lote. Begani sikusikia kitu, kama muuzaji alivyoahidi. Sikioni ilikuwa kama mtu amenichoma msumari wa moto akauacha humo. Halla alikuwa amekaa chini. Anatikisa kichwa polepole, kama anayekataa jambo.

Raimo akatokea upande wa pili, bunduki iko begani, haijapigwa. Alikuja akavuka matope mpaka kwangu na kusema neno. Nikaiona midomo yake. Nikamwonyesha sikio la kulia, akazunguka upande huo.

"Nilikuwa nimemwona kitambo," akasema. "Nilikuwa nangoja mbwa wapishe."

Kisha akatoa kichupa mfukoni, kwa sababu desturi ni desturi, akamimina kifunikoni na kunipa tone la aliyeangusha. Nilikunywa. Akasema tena kitu upande mbovu, nikamwambia arudie.

"Nimesema, mwite mbwa."

Halla alikuwa amenigeuzia mgongo. Nikaita jina lake. Tuisku, aliyekuwa kule mbali kwenye mzoga, akageuza kichwa. Nikaita tena kwa nguvu. Tuisku akaanza kuja, masikio yamesimama wima, safi, mazuri, akidhani labda ndiye anayetakiwa. Halla alikuwa akitazama majani.

Raimo akapiga goti kando ya Halla. Angenitukana ningempiga, na tungemaliza.

Daktari wa mbwa alisema tungoje, yawezekana usikivu utarudi kidogo. Haukurudi. Majira ya baridi yalipofika Halla alikuwa akishtuka kila nilipomgusa, kama mtu unayemwamsha. Nilikanyaga sakafu kwa nguvu ili ajue nimeingia. Nilimwonyesha mkono wa kuja na mkono wa kukaa, akajifunza haraka, alikuwa mwerevu, lakini msituni hakuna mkono unaoonekana. Nikawa namtembeza kwa kamba. Mbwa wa hirvi, kwa kamba, kama mbwa wa mjini.

Walipokuwa pamoja, yeye na Tuisku, ndipo alipokuwa yule wa zamani. Gerd ndiye aliyeligundua. Tulikuwa mezani kwao, tumekula viazi na nyama ya hirvi yuleyule, tukamiminiwa kahawa juu ya vipande vya jibini, kama ilivyo desturi ya mto wetu. Gari likapita barabarani. Tuisku akainua kichwa. Halla akamtazama, akainua na chake. Tuisku akaenda mlangoni. Halla akaenda mlangoni.

"Muache hapa, mdogo wangu," Gerd akasema. Alisema taratibu, upande wangu wa kulia. "Huku ana masikio."

Nilimtazama Raimo. Nilitaka acheke, aseme lolote kuhusu jana na kesho, nipate sababu. Alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Ukoo wangu umevusha siagi, farasi, kahawa, baiskeli na pikipiki ya theluji. Mimi nilimvusha Halla mchana kweupe, darajani, kwenye kiti cha mbele. Walinzi wa forodha walinipungia mkono. Nilipoondoka nilimwita kutoka getini, kwa mazoea. Yule mwingine akageuka.

Aliishi kwao miaka minane. Waliwinda pamoja, Tuisku akisikia kwa ajili ya wote wawili, Raimo akiwaita kwa jina moja tu na kurudi nyumbani na mbwa wawili. Alinieleza haya kwa furaha kabisa, akidhani ananifariji. Nilipovuka kuwatembelea Halla alikuja kunilaki, alininusa mikono, alinipenda, sina shaka. Kisha alirudi kulala alipolala ndugu yake, mgongo kwa mgongo, kwenye ile sakafu yenye joto ambayo Raimo aliitandazia mabomba mwenyewe.

Siku hizi kwetu nako sheria imebadilika. Ukiwa na kibali cha bunduki unaingia dukani na unatoka na kiwambo, kama ilivyokuwa kwao wakati wote. Nilinunua kilicho ghali kuliko vyote rafuni. Nilikwenda kukijaribu kwenye shimo langu la kokoto, peke yangu. Ubao ukaanguka kwenye sakafu ya ghala. Nikageuka kutazama nani ameinua kichwa, nikabaki natazama gari.

Raimo ana miaka sabini na mbili. Anamsikia dada yangu akimwita kutoka chumba kingine. Nimewaona wakinong'onezana mezani, kitu cha kipuuzi, labda chumvi iko wapi, na roho imeniuma kama ya kijana.

Kwa upande wao wa mto kile kibomba kilikuwa na bei ya matairi manne ya baridi. Cha zamani kilikuwa bure. Mimi kilinigharimu sikio la kushoto, ambalo ndani yake birika linachemka usiku na mchana wala haliondolewi jikoni. Kilinigharimu Halla. Na kilinigharimu kiti changu cha siku zote kwenye meza ya dada, kile cha dirishani. Sasa nakaa upande wa pili, karibu na Raimo, ili nisikie anapocheka.